Kutoka Pora hadi Jogoo: Mwongozo Kamili wa Kuongoza Tabia za Jogoo Anayekua

Mfugaji anayelalamika kwamba jogoo wake amebadilika ghafla kwa kawaida anamzungumzia ndege wa umri wa kati ya miezi mitano na minane, ambaye hadi juzi alikuwa akidonoa mahindi kwenye kiganja cha mtoto. Neno "ghafla" ndilo lenye walakini. Kuku dume hubadilika wiki baada ya wiki, tangu akiwa kifaranga, kisha pora, hadi anapostahili kuitwa jogoo, na karibu kila tabia inayomkera mwenye nyumba huwa imejitangaza mapema kwa ishara ndogo ambazo hakuna aliyezizingatia. Mwongozo huu unafuata umri huo hatua kwa hatua, na unawalenga zaidi wanaofuga kuku wa kienyeji au chotara kama Kuroiler na Sasso, uani au katika banda la familia, mahali ambapo kuku, watoto na wageni hupita njia moja.

Hatua ya kwanza: watambue mapora na uamue idadi mapema

Katika kila uanguaji takriban nusu ya vifaranga huwa madume, ilhali majike kumi hivi wanatoshelezwa na jogoo mmoja. Ugomvi mwingi wa bandani unatokana na hesabu hiyo kutofanywa kwa wakati. Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, kilemba cha dume, ambacho wengine hukiita undu, huanza kukua na kuwa chekundu kuliko cha dada zake, miguu yake huwa minene zaidi, naye husimama wima akikutazama wakati wenzake wanakimbia. Ukiwa na shaka, subiri hadi mwezi wa tatu uchunguze manyoya ya shingoni na yale ya kiunoni yanayoteremkia kando ya mkia: ya dume ni marefu, membamba, yenye ncha na yenye kung'aa, na ya jike yana ncha ya mviringo. Ishara hiyo inaaminika kuliko kilemba, kwa sababu wapo mapora wenye kilemba kidogo ambao hukaa miezi mitatu wakidhaniwa kuwa tembe, yaani majike wachanga.

Usichague jogoo wako katika umri huu. Bakiza watatu wenye afya, wenye miguu iliyonyooka na macho maangavu, na wengine uwatenge kwa ajili ya kitoweo au soko. Nasema watatu kwa sababu niliwahi kubakiza mmoja tu, mrembo kuliko wote, na nguchiro akampitia jioni moja kabla hatujafunga banda. Mwaka ule tuliazima jogoo kwa jirani.

Hatua ya pili: miezi miwili hadi minne, angalia anakua na nani

Mwaka 1922 mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichapisha maelezo ya utaratibu ambao kila mfugaji makini ameuona: katika kundi la kuku kila mmoja anajua nani anaweza kumdonoa na nani hawezi. Pora anayekulia katika kundi lenye makoo wazoefu, yaani majike waliokwisha kutaga, huanzia chini kabisa ya ngazi hiyo. Akijaribu kumrukia koo anayekula, anapigwa mdomo wa kichwa na kufukuzwa, na baada ya kupigwa mara kadhaa anajifunza kumkaribia jike kwa heshima. Pora waliolelewa na wenzao wa rika moja tu, kama ilivyo kwa vifaranga walionunuliwa wakiwa wa siku moja na kukuzwa chini ya taa, hawapati mafunzo hayo. Wanapofikisha miezi minne tayari ni wakubwa na wenye nguvu kuliko tembe wa rika lao, wala hakuna wa kuwazuia.

Kwa hiyo, mapora wakifikisha wiki kumi hivi na kuwa na mwili wa kutosha kukimbia, waunganishe na makoo wawili au watatu, au na jogoo mzee mtulivu. Kwa wiki ya kwanza waweke upande wa pili wa wavu ili wazoeane kwa macho kabla ya kukutana kwa midomo.

Jambo la pili katika umri huu linawashangaza wengi: usimfanye pora kuwa kipenzi cha kubebwa. Tembe aliyezoea kushikwa hubaki mpole hadi uzeeni, lakini dume aliyelelewa mikononi mwa watu hupoteza ule woga mdogo unaomfanya akupishe njiani, na homoni zikipanda anaanza kukupima kama anavyompima jogoo mwenzake. Watoto wamwagie mahindi chini kisha wasogee pembeni. Hata hivyo, wasiruhusiwe kumkimbiza au kumrushia mawe, kwani ndege anayeishi kwa kukimbizwa siku moja huamua kugeuka. Kumshika kuwe kwa sababu maalumu na kwa utulivu, kwa mfano siku ya kumpa tone la chanjo ya ugonjwa wa kideri jichoni, ambayo kwa chanjo ya I-2 hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Chakula nacho kina nafasi yake, ingawa si kubwa kama watu wanavyodhani. Mapora wapewe chakula cha kukuzia, si cha kuku wanaotaga, kwa sababu madini mengi ya chokaa yanayohitajika kwa ganda la yai huweza kuharibu figo za ndege asiyetaga. Imani kwamba pilipili au dagaa wengi humfanya jogoo kuwa mkali sijaiona ikithibitika katika banda lolote nililolihudumia.

Hatua ya tatu: miezi minne hadi sita, muhula wa vurugu

Dalili ya kwanza ni sauti. Pora huwika kwa mkwaruzo, nusu ya wimbo, kisha hutazama huku na huku kama aliyeshtushwa na sauti yake mwenyewe. Baada ya hapo huanza kuwafukuza majike. Jogoo aliyekomaa ana adabu zake: humwita jike kwa sauti ya kukokota, huku akiokota punje na kuiangusha mbele yake bila kuila, au hushusha bawa moja na kumzunguka kwa hatua za pembeni, na jike akikataa anamwacha. Pora bado hana adabu hizo. Huvizia nyuma ya debe la maji, humrukia tembe bila taarifa, humkamata kwa manyoya ya kichwa na kumburura. Ukiona tembe wamenyonyoka kisogoni na mgongoni, au wanabaki juu ya fito mchana kutwa wakiogopa kushuka kula, jua kwamba mapora wamekwisha kuzidi.

Dawa yake ni banda la mapora. Watenge wote pamoja, mbali na majike, ikiwezekana mahali ambapo hawawaoni, hadi wafikishe miezi sita au saba. Madume bila majike huishi kwa amani ya kushangaza, kwa sababu hakuna kikubwa cha kugombea. Wape nafasi: ndege watatu au wanne kwa kila mita ya mraba ndiyo idadi ninayoipendelea, nao wawe na uwanja wa kutoka mchana. Vyombo vya chakula na maji viwe viwili au zaidi, katika pembe zinazotazamana, ili jogoo mmoja asiweze kuvilinda vyote.

Jambo ambalo mafundi wa mabanda hulisahau ni maficho. Kuku aliyeshindwa hukiri kushindwa kwa kukimbia na kutoweka machoni pa mshindi. Katika banda la mraba lisilo na kitu ndani hana pa kutowekea, hivyo mshindi huendelea kumpiga akidhani bado anashindana naye. Tundika gunia kuukuu katikati, egemeza ubao ukutani, weka matawi yaliyokatwa au benchi bovu, na utaona vipigo vikipungua siku hiyo hiyo.

Jifunze kutofautisha kupimana na kupigana. Kupimana ni kusimama uso kwa uso, manyoya ya shingo yakiwa yametanuka, kurukiana mara mbili tatu, kisha mmoja kugeuza kichwa na kujifanya anadonoa kitu. Usiingilie, kwa maana ukiingilia hawamalizi, na kesho wataanza upya. Kupigana ni pale ambapo hakuna anayegeuza kichwa, damu imeonekana kwenye kilemba, au mshindi anamfuata mshindwa hadi pembeni na kumsimamia mgongoni. Hapo usitie mkono. Watupie gunia lililolowa au mfunike mmoja kwa tenga, kisha watenganishe. Jeraha lisafishwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo na kupakwa ile dawa ya zambarau tunayoiita GV, ambayo pamoja na kukausha hufunika wekundu, kwani wekundu wa damu huwaita wengine wote kudonoa. Asirudishwe kundini hadi kidonda kikauke.

Kurudisha kwenyewe kuna kanuni. Jogoo aliyetolewa kwa siku kadhaa hupokewa kama mgeni, hata kama walianguliwa kiota kimoja. Msemo wa kuku mgeni na kamba mguuni hapa unatumika kama ulivyo: mfunge kwa kamba laini au mweke nyuma ya wavu, mahali ambapo wenzake wanamwona bila kumfikia, kwa siku nne au tano, kisha wafungulie wote katika uwanja ambao hakuna aliyeuzoea.

Je, majogoo wawili wanaweza kuishi katika ua mmoja? Wahenga walinena kuhusu fahali wawili, na kwa kuku wanena kweli pale tu ambapo majike ni wachache. Penye majike ishirini au zaidi, uwanja mpana na madume waliokua pamoja, kila mmoja hujitwalia kona yake na wafuasi wake. Kuchi, aina ya kuku wa kienyeji, ndio wa kuangaliwa zaidi. Ni warefu, wazito na wagomvi kwa asili, na nisingemshauri mtu mwenye ua mdogo aweke kuchi wawili madume hata kama ni mapacha wa kiota kimoja.

Hatua ya nne: anapomgeukia binadamu

Tulikuwa na chotara mmoja tuliyemwita Diwani kwa jinsi alivyotembea. Alipokuwa na miezi mitano hivi, kila asubuhi mama alipopita na ndoo ya pumba, Diwani aliacha kula, akasimama kiubavu, akashusha bawa la kulia hadi likakwaruza mchanga, akapiga hatua tatu za pembeni, kisha akadonoa chini mara mbili bila kuokota chochote. Tulicheka na kusema anamchezea mama ngoma. Katika wiki ya tatu alimrukia kwa nyuma na kupiga pindo la kanga. Mama alikimbia, kama ambavyo mtu yeyote angekimbia, na kukimbia huko kukawa ushindi wake wa kwanza. Tangu hapo alikuwa akimsubiri mlangoni. Mwezi haujaisha akamkwaruza mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto, sentimita mbili chini ya jicho.

Ngoma ile ilikuwa taarifa. Bawa lililoshushwa, kusimama kiubavu, kudonoa ardhi tupu, kukufuata kwa nyuma, na zaidi ya yote kukataa kukupisha njiani, ni maneno yale yale anayomwambia jogoo mwenzake kabla ya kumrukia. Hapo ndipo pa kuchukua hatua, kabla hajapiga hata mara moja.

Anza na mwendo wako. Usimzunguke jogoo aliyesimama njiani. Tembea taratibu ukielekea pale pale alipo mpaka asogee, na akisogea ongeza hatua mbili mbele. Usirudi nyuma. Beba kitu kipana kama ungo, sinia au beseni, ukitumie kama ngao na si kama rungu. Akirusha teke, simama imara ukimtazama hadi atakapogeuza kichwa au kuanza kudonoa chakula cha kweli, ndipo uendelee na kazi yako. Usimpige teke. Kwake teke ni jibu la mpinzani anayekubali pambano, naye atarudi kesho akiwa amejiandaa. Najua wapo wanaoapa kwamba kipigo kimoja kizito humaliza kazi. Nilichokiona ni jogoo aliyevunjika mbavu au aliyezidi kuwa mjanja, anayesubiri ugeuze mgongo.

Jioni, akiwa amelala kwenye fito, mchukue kwa utulivu, mbane kwapani mabawa yakiwa yamefungwa kwa mkono wako, ukatembee naye dakika kumi ukiendelea na shughuli nyingine. Usimning'inize kwa miguu kichwa kikiwa chini. Kwa baadhi ya mapora zoezi hili likirudiwa wiki moja huwatuliza kabisa. Kwa wengine halifui dafu.

Chunguza pia vinavyomchochea. Pindo la kanga linalopepea, mabuti ya mvua, ufagio unaofagia karibu naye na ndoo inayoning'inia usawa wa kichwa chake vyote huonekana kama kitu kinachomjia. Baadhi hupigana na taswira yao wenyewe kwenye gari linalong'aa, na dawa ni kufunika gari, si kumwadhibu ndege. Usimkamate jike anayepiga kelele mbele ya jogoo, subiri giza. Na watu wote wa nyumbani wafuate utaratibu mmoja, kwa sababu jogoo humtambua kila mtu kwa sura na mwendo, na akishindwa kwa baba ataendelea kumwonea dada wa kazi.

Kwa watoto wadogo hakuna mafunzo ya jogoo yanayotosha. Uso wa mtoto wa miaka mitatu uko pale pale ambapo teke la jogoo hufika, kwa hiyo asiingie uwanjani bila mtu mzima. Mkwaruzo uoshwe kwa sabuni na maji mengi, tundu la kikwaru (ule mwiba wa mguuni mwa jogoo) lililozama lipelekwe zahanati kwa ajili ya kinga ya pepopunda, na jeraha lolote la jicho lifike hospitali siku hiyo hiyo.

Mpe wiki tatu au nne za utaratibu huu bila kukosa. Asipobadilika, atoke, tena bila kumzalisha, kwa kuwa ukali hurithiwa, na mayai yake yatakuletea Diwani wengine sita.

Kuwika na vikwaru

Kuwika hakuzuiliki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huongozwa na saa iliyo ndani ya mwili wake na huwika hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, na mwaka 2015 walieleza kwamba mwenye cheo kikubwa ndiye huanza, wengine wakimfuata kwa ngazi zao. Maana yake kivitendo ni kwamba ukibaki na jogoo mmoja, kelele hupungua kwa sababu hakuna wa kuitikiana naye. Taa na mlio wa gari pia humchokoza usiku wa manane, hivyo dirisha la banda lisitazame barabara wala taa ya jirani, mradi hewa ipite. Mikanda ya kubana shingo isitumike. Inamnyima jogoo pumzi. Aliye katika nyumba za kubanana mjini azungumze na majirani kabla pora hajaanza kuwika.

Vikwaru huanza kama vinundu na huwa vya kuhesabika jogoo anapokaribia mwaka. Ndani yake kuna mfupa na damu, kwa hiyo kata au chonga ncha tu, kisha isugue kwa tupa hadi iwe butu. Kazi hiyo huokoa migongo ya majike pamoja na miguu yako. Punguza na kucha siku hiyo hiyo.

Hatua ya mwisho: kumchagua anayebaki

Mapora watatu wakifikisha miezi saba, waachie mmoja mmoja kwa majike, wiki moja kila mmoja, nawe ukae kwenye kigoda jioni ukiangalia. Uzito na rangi vitakushawishi, lakini tazama matendo. Je, anapopata kumbikumbi anakula au anaita? Kipanga akipita juu, anatoa mlio mkali na kubaki nje hadi majike waingie chini ya mti, au yeye ndiye wa kwanza kujificha? Jike akimkataa, anamwacha? Unapopita, anakupisha bila kukimbia?

Diwani aliliwa siku ya Idi, akiwa mgumu kidogo lakini mchuzi wake mzito. Aliyebaki alikuwa ndugu yake wa kijivu ambaye hatukuwahi kumpa jina, kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo la kutufanya tumtazame. Naye alikaa mwaka mmoja tu, kisha tukambadilisha na jogoo wa kijiji cha pili ili asizae na binti zake. Jogoo mgeni wa namna hiyo atengwe siku kumi na nne kwa kuhofia kideri kabla ya kuungana na kundi, na asihesabiwe kuwa mgonjwa akikaa kimya siku za kwanza. Jogoo wa shamba kweli hawiki mjini mpaka ajue ua ni wa nani. Mayai ya kuatamiwa yaanze kukusanywa wiki tatu baada ya yule wa zamani kuondoka, kwa sababu mbegu zake hubaki hai ndani ya majike kwa wiki mbili na zaidi.